Unga wa Muhogo Ulionirudishia Herufi

Kuandika sikupoteza hata siku moja. Kilichopotea ni kusoma. Kila neno lililo hapa nimeliandika kwa mkono wangu, na baadaye mtoto mmoja amenisomea yote, polepole, ili nijue nimesema nini.

Kama jambo hili limekupata, au liko nyumbani kwako, nimekuandikia wewe. Nimekuandikia hata kama mgonjwa wako si mgonjwa, bali ni mtoto anayerudia darasa lilelile kila mwaka kwa sababu herufi hazimkai. Maelezo ya daktari sitayarudia. Mengine sikuyaelewa, na niliyoyaelewa hayakunipunguzia kitu.

Kwanza ujue ni nani aliyeanguka. Mimi ni Saidi, mtoto wa kijiji cha Barumbu. Niliingia Kisangani nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa juu ya mafungu ya samaki wa moshi ndani ya mtumbwi wa mtu mwingine. Hakuna aliyenishika mkono. Diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, niliipata kwa jaribio la kwanza. Watu wakanimwagia poda kichwani, kama ilivyo desturi yetu kwa anayefaulu, nami nikazunguka mtaa mzima mweupe kama mwoka mikate. Kisha nikaenda Dar es Salaam. Nilianza huko kwa kubeba mabonge ya barafu, nikamaliza na stashahada ya ufundi wa mitambo ya baridi. Niliporudi baada ya miaka kumi na minne nilijenga vyumba vya baridi vitatu. Samaki wa baharini wanaoliwa hapa mjini, wengi wao wamelala kwangu kwanza. Diploma zangu mbili ziko sebuleni ndani ya fremu, moja juu ya nyingine, na mgeni akikaa kwenye kiti cha wageni hana pengine pa kutazama. Kiti nilikiweka pale kwa makusudi.

Katika nyumba hiyo alikuwamo Zabibu, binti wa mdogo wangu Fatuma anayefanya biashara ya mawese Banalia. Fatuma alimleta akiwa na miaka sita ili asome mjini, kwa kaka yake mwenye diploma. Alipofika miaka tisa, Zabibu alikuwa bado darasa la pili. Alishalirudia mara mbili. Kwenye hesabu ya mdomo hakuna aliyemshinda, na habari yoyote ya mtaa aliijua kabla ya wenyewe. Lakini ukimwekea maandishi mapya mbele, alikuwa anatoka jasho.

Shule zilipofungwa mwaka ule, Fatuma alikuja kumwona. Nilitoa hukumu yangu sebuleni, chini ya fremu, mbele ya mke wangu Zaina na mama yangu, ambaye sote tunamwita Koko.

"Mwaka mmoja tena," nilisema. "Shule zikifungwa na hajajua kusoma, uje umchukue. Akusaidie mawese. Hii ni nyumba ya watu wa diploma."

Koko alikuwa anachambua matembele. "Na miye niko na diploma gani?" akauliza.

Yeye herufi hajui hata moja. Zabibu alikuwa amesimama mlangoni akikuna ukuta kwa kidole. Fatuma, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa, alisema tu, "Sawa, yaya. Ni weye ulisoma."

Mwezi haujaisha, nikaanguka mimi.

Ulikuwa msimu wa mbinzo, wale viwavi ambao mji mzima hunuka harufu yao wakikaangwa. Niliamka na kichwa kizito, nikadhani ni malaria. Nikienda bafuni nilijigonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango. Nikarudi, nikajigonga tena. Upande wangu wa kulia ulikuwa kama haupo. Si giza, haupo tu. Nikanywa chai. Nikaandika orodha ya vipuri vya mashine namba mbili ili kijana wa kazi avitafute. Niliandika bila shida, mwandiko wangu uleule mzuri. Kisha nikaitazama ile karatasi ili nihakikishe.

Niliona wino, nikaona kwamba ni maandishi. Lakini yalikuwa kama nyayo za kuku kwenye tope. Niliigeuza karatasi. Nikavaa miwani, nikavua miwani.

"Zaina," nikasema, "nani ameandika hii?"

"Acha mchezo, Saidi. Umeandika weye, sasa hivi, miye naangalia."

Nilipoanza kutafuta diploma zangu ukutani, nikaona fremu mbili zenye karatasi ya urembo, Zaina aliacha kucheka na kwenda kumwita mwenye pikipiki.

Katika hospitali niliyopelekwa, wagonjwa wanapewa kikadi chenye namba, wanakaa kwenye benchi refu, na muuguzi anafungua mlango na kuita namba. Mara ya kwanza nilikuwa na Zaina. Mara ya pili nilikataa kusindikizwa, kwa sababu sijawahi kusindikizwa mahali tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilikaa na kikadi changu tangu asubuhi mpaka benchi likabaki na watu wawili. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja mnene mwenye kitenge cha bei, amekuja kupimwa presha.

"Papa, uko na numero ngapi?" akaniuliza.

"Bado," nikasema.

"Bado haiko numero." Alivuta kikadi mkononi mwangu. "Walikuita. Mara mbili walikuita. Masikio yako mazima?"

Nilimwambia masikio yangu ni mazima kabisa. Alinitazama usoni, akatazama kikadi, akanitazama tena. Kisha akasimama, akagonga mlango wa daktari bila kusubiri, akasema ndani, "Docteur, huyu papa alikuwa mbele yangu." Hakuuliza tena kitu. Huyo ndiye Mama Kavira. Ni mtu wa Butembo na ana duka la vitenge katikati ya mji. Wakati ule sikumjua.

Daktari alinipa karatasi. "Andika jina lako." Nikaandika. "Soma." Nikatazama ukuta. Akaniambia kwamba ni kiharusi, kwamba kimeniachia miguu na ulimi, kwamba nimshukuru Mungu, kwamba upande wa kulia wa macho huenda usirudi. Kusoma? "Tutaona," akasema. Nilitoka na vidonge vya aina mbili, vya asubuhi na vya jioni.

Mwili ulibadilika kwa mambo madogo. Nilinyoa ndevu nikaacha vijisehemu. Nilikuwa nakula nusu ya sahani, nakasirika kwamba mboga ni kidogo, na Zaina anaizungusha sahani. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa kama vimevaa glavu. Njiani watu walinisalimia kutoka upande nisiouona, wakaanza kusema kwamba diploma imenipanda kichwani. Niliwaacha waseme. Afadhali maringo kuliko ukweli.

Ukweli niliuficha kwa kila mtu isipokuwa mke wangu. Nilimkataza asimwambie Koko, asimwambie Fatuma hata kwa simu. Asubuhi nilikaa barazani na gazeti, nageuza kurasa kwa mpangilio. Mafundi waliponiletea karatasi za kutia saini, nilisema, "Nieleze kwa mdomo, nataka kujua kama umeelewa." Walidhani ni njia mpya ya uongozi. Zaina alichoka kunisomea kila kitu kwa siri chumbani. Tukagombana. Alisema, "Unamfukuza mutoto wa watu kwa sababu ya kusoma, na weye mwenyewe unashika gazeti kama picha." Tulikaa siku nne bila kusemezana, na siku hizo nne nilizihesabu kuwa mbaya kuliko hospitali.

Mvua kubwa za Novemba zilipokuja, Zaina alikwenda matangani, na Koko akaenda naye. Nilibaki na Zabibu. Ulifika wakati wa dawa. Vile vidonge vilikuwa kwenye boksi mbili zinazofanana, na Zaina alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nyeusi: ya asubuhi, ya jioni. Kwangu zilikuwa nyayo za kuku.

"Zabibu," nikamwita. "Macho yangu yamechoka. Boksi ya jioni ni ipi?"

Alizichukua zote mbili. Akazigeuzageuza muda mrefu, midomo ikitikisika. Akanipa moja.

"Ndio hii, tonton," akasema; ndivyo anavyoniita mimi mjomba wake.

"Hakika?"

"Hakika."

Nilimeza viwili, kama inavyotakiwa jioni. Ilikuwa ya asubuhi, ile ya kushusha presha, ambayo hunywewa kimoja. Nilipojaribu kusimama dunia ilikwenda kushoto. Nilizinduka niko sakafuni, maji usoni, Zabibu ameshikilia kichwa changu kwa mikono miwili na analia bila sauti. Jirani alikuwa anakuja mbio.

Walipokwisha kuniinua na kuninywesha maji ya chumvi na sukari, tulibaki wawili. Nilimuuliza kwa nini alisema hakika.

"Sikujua, tonton. Nilibahatisha tu."

"Kwa nini hukusema hujui?"

"Ungenirudisha Banalia." Alifuta pua kwa mkono. Kisha, kwa sauti ndogo, "Na weye tonton, juu ya nini haukusoma?"

Nimezungumza na wenye meli na wakubwa wa forodha, na hakuna aliyewahi kunitoa siri mdomoni. Mtoto yule aliitoa. Nikamwambia. Alikuwa mtu wa pili duniani kuambiwa. Alinisikiliza kichwa kimeinama upande, na nilipomaliza akauliza, "Zinachezacheza?"

"Hazichezi. Hazisemi kitu."

"Mimi zangu zinachezacheza," akasema.

Tulimwambia Koko usiku uleule, waliporudi na Zaina. Koko alisema, "Kwa hiyo sasa tuko watatu." Huo ndio msaada wangu wa kwanza mkubwa. Fatuma peke yake hakuambiwa. Neno langu nililolitoa chini ya fremu lilikuwa limesimama palepale, na kulitengua ilibidi nimweleze mdogo wangu aliyenitazama maisha yake yote kama mtu asiyeshindwa. Zaina alinisukuma nimpigie. Kila wiki nilisema wiki ijayo.

Januari, mvua zilipopungua, nilikutana tena na Mama Kavira kwenye benchi la hospitali. Safari hii nilikuja na Zabibu. Mama Kavira alichukua kikadi changu akampa yeye. "Namba gani, mama?" Zabibu akaanza kutoa jasho. Mama Kavira akarudisha kikadi kwangu, akatazama mbele.

"Bon," akasema. "Papa, Jumamosi uje kwangu na huyu mutoto. Nyuma ya duka. Na uje na unga wa muhogo."

"Unga wa kufanya nini?"

"Kwa kusoma."

Kabla ya biashara alikuwa amefundisha watoto wadogo miaka mingi kwao Butembo. Jumamosi anafunga duka saa sita, na nyuma, kati ya marobota ya vitenge, watoto saba wanakaa kwenye mkeka, kila mmoja na sinia lake. Ni watoto ambao shule zimewachoka. Alimpa Zabibu kitabu chake cha shule, cha Kifaransa, akamwambia asome. Zabibu alisoma ukurasa wote kama maji. Ndivyo alivyonisomea kila jioni. Kisha Mama Kavira akafunika picha kwa kipande cha kitenge, akaonyesha neno moja katikati. Zabibu akachungulia chini ya kitenge.

"Unaona, papa? Huyu haiko anasoma. Anaimba. Darasa limejaa mpaka dirishani, mwalimu anasema, wote wanajibu. Mwenye masikio mazuri anashika wimbo, na hakuna anayejua kama herufi ziliingia. Kosa haiko lake."

Mimi nilikuwa nimemsomesha mtoto yule miaka mitatu, na kila jioni nilimwambia asome kwa sauti, naye akaimba, nami nikaridhika kwa sababu ilikuwa Kifaransa. Sikuwahi kufunika picha hata mara moja. Ukikumbuka jambo moja katika haya niliyoandika, kumbuka hilo: funika picha.

Akatandaza unga kwenye sinia, tabaka jembamba. Akashika kidole cha Zabibu, akachora herufi, huku akitoa sauti yake na si jina lake. Alianza na maneno ya nyumbani, ya Kiswahili, ambayo mtoto anayajua yana maana gani. Kifaransa kingesubiri. Ukikosea, unatikisa sinia, kosa linafutika, hakuna wino mwekundu. "Unga hausengenyi," Mama Kavira alipenda kusema.

Mimi nilipewa kiti karibu na mlango. Nilikaa kama mlezi, na gazeti langu. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Wiki ya tatu Zabibu alikuwa anafuata kwa kidole neno ambalo Mama Kavira ameandika kwenye sinia, na mimi, nyuma ya gazeti, nikajikuta nalifuata kwa kidole juu ya goti langu. Mkunjo wa kwanza, ukarudi. Mkono wangu ukaijua: s. Macho hayakuijua, mkono ndio ulioijua, kwa sababu mkono ulikuwa haujasahau kuandika. Nikaendelea. A. M. Goti langu likanisomea.

"Samaki," nikasema kwa sauti.

Watoto wote waligeuka. Zabibu akakasirika. "Tonton, ilikuwa zamu yangu!"

Mama Kavira alikuja akaondoa gazeti mikononi mwangu, akalikunja, akalitumia kupepea jiko. "Alors, mwanafunzi wa nane," akasema. "Kaa kwenye mkeka. Viti ni vya wateja."

Nimeketi na watu wakubwa, lakini mkeka ule naushukuru zaidi. Magoti yaliuma. Watoto walinicheka nilipochanganya b na d, na Zabibu akanitetea. Nyumbani tuliweka sinia letu mezani, yeye upande wa kushoto wangu ambako namwona, na kila jioni kabla ya chakula tulichora. Yeye herufi zilikuwa zinamtulia akizigusa, mimi zilikuwa zinanifungulia mdomo. Kuna siku tulimaliza maneno matatu tu. Kuna siku nilirusha sinia, Koko akafagia unga, akatandaza mwingine. Mvua za Machi zilikuja, zikapita. Vidole vikaanza kuvua glavu. Daktari alinipunguzia dawa mwezi wa tano. Mwezi wa sita Zabibu alisoma kibao cha kinyozi tukiwa nyuma ya baiskeli mbili za toleka, zile za kubeba abiria, akakisoma kwa kupiga kelele kutoka yake mpaka yangu, na waendesha baiskeli wote wawili wakampongeza.

Lakini alisoma kwa kusita, na karatasi ya shule ilipotoka Julai ilisema arudie darasa. Fatuma alifika siku ya tatu, kwa pikipiki, miguu imejaa vumbi jekundu. Alikunywa maji, akaitazama karatasi, maana yeye mwenyewe anajua kusoma kidogo, akaikunja.

"Basi, yaya. Ulisema weye mwenyewe. Afunge vitu vyake, kesho mapema tunaondoka. Mawese yananingoja."

"Anasoma sasa," Zaina akasema.

"Karatasi inasema hapana. Nani anajua kuliko shule?"

Zabibu alisimama mlangoni palepale pa mwaka uliopita, lakini hakukuna ukuta. Alikuwa ananitazama mimi. Wote walikuwa wananitazama, na mimi niliyekuwa na maneno kwa kila mtu nilishindwa kufungua mdomo mbele ya mdogo wangu. Hapo nikakumbuka kitu ambacho sikupoteza. Nikachukua kalamu na karatasi, nikaandika mistari minne, haraka, bila kuitazama, kwa sababu kuitazama hakungenisaidia. Nikampa Zabibu.

"Msomee mama yako."

Aliweka karatasi mezani, akaweka kidole. Hakuna picha ya kufunika. Alianza.

"Fa-tu-ma. Fatuma. Mimi… kaka… yako… ni… mgo-njwa. Mgonjwa." Akanitazama. Nikamwashiria aendelee. "Ta-ngu… mwaka… jana… si-we-zi… siwezi ku-so-ma. Hata… hii… siwezi." Alisimama mahali pamoja, akarudi nyuma kwa kidole, akalichora lile neno juu ya meza. "Nili-ku-fi-cha. Nilikuficha. Mtoto… wako… ndiye… a-na-ye-ni-so-me-a. Ni-a-chi-e."

Ilichukua muda mrefu. Kwenye benchi la hospitali sijawahi kusubiri hivyo.

Fatuma alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Yaya," akasema. "Mwaka mzima? Na ulikuwa unaniambia kwenye simu uko muzima?"

"Nilisema mashine ziko nzima."

Alicheka na kulia kwa pamoja, kama alivyokuwa akifanya tangu utoto. Kisha akamvuta Zabibu, akamwonyesha neno la mwisho. "Soma tena hii."

"Niachie," Zabibu akasoma, safari hii bila kukata.

"Bon," Fatuma akasema. "Abaki."

Leo nasoma ukurasa mmoja kwa muda ambao zamani ningesoma kumi, kidole kinatembea juu ya goti. Upande wa kulia haujarudi, na mlango wa bafuni bado unanigonga siku nikiwa na haraka. Zabibu amerudia darasa, na sasa ni yeye anayewafunikia wenzake picha. Jumamosi namletea Mama Kavira unga, gunia zima, na ndani ya kundi lake lile najihesabu kuwa mwanafunzi wake bora. Hajakubali bado.

Lakini nirudi siku ile. Tukiwa bado tumesimama, Koko aliuliza, "Poda iko wapi?" Zaina akasema hakuna poda ndani ya nyumba. Koko akaenda mezani, akachukua lile sinia, akammwagia Zabibu kichwani. Kisha akaja kwangu. Mimi ni mrefu, ikabidi niiname.

Nimemwagiwa mara mbili maishani. Ile ya kwanza niliiosha jioni ileile ili nivae suti.

Zaina alisema ule ulikuwa unga wa chakula. Basi tukala makemba, zile ndizi za kupika, Zabibu na mimi tukiwa weupe vilevile, na hakuna aliyetuambia tukanawe.